Ganzi ya jino iliisha kabla operesheni haijaisha, na upande wa pili bado. Kuna namna ya kuifanya ikae?

Mwalimu_Ujiji

Mwakeye wana jamvi, wakubwa shikamooni.

Naombeni msaada maana siku zinasogea na usingizi umeanza kunikata. Nina magego mawili ya mwisho ya chini, kulia na kushoto, yote yameota kwa kulala, yaani kwenye eksirei unayaona kabisa yamelala yanamsukuma mwenzake wa mbele. Mwezi uliopita nilifanyiwa operesheni ya upande wa kulia hapa Kigoma mjini (pa kutibiwa sitapataja, sikuja hapa kumchafulia mtu jina). Nilichomwa sindano mbili, ganzi ikashika vizuri, mdomo wa chini na nusu ya ulimi vikafa kabisa, wakachana fizi sikusikia, wakaanza kusaga mfupa kwa kile kimashine nikawa nasikia mtetemo tu masikioni. Sasa dakika arobaini na kitu hivi, jino wameshalikata vipande viwili, kimoja kimetoka, kingine na mzizi wake bado kimo, ndo nikasikia kitu kama waya wa moto umepita kutoka nyuma ya taya mpaka kidevuni.

Nikaguna. Nikaambiwa vumilia mama tunamalizia. Basi nikavumilia, nilikamata mikono ya kile kiti mpaka vidole vikawa vyeupe, machozi yanashuka yanaingia masikioni kwa sababu nimelazwa chali, na ule mkono wa msaidizi ulioshika bomba la kunyonya mate nikawa nauangalia tu saa yake inavyotembea. Baadae sana nikaongezewa sindano lakini wapi, ikawa kama nimechomwa maji. Ilichukua kama dakika ishirini nyingine. Mimi nimezaa watoto wawili najua maumivu ni nini, ila haya nilikuwa sijayajua.

Kinachonishangaza zaidi, muda wote huo mdomo wa chini ulikuwa bado umekufa! Sindano nilichomwa saa nne asubuhi, mdomo umerudi saa nane mchana, sasa inakuaje mdomo haujisikii halafu jino linasikia kila kitu?

Upande wa kushoto wamenipangia wiki mbili zijazo. Naomba kujua hii ganzi inaweza kurefushwa? Kuna dawa inayokaa zaidi? Au ni mwili wangu mimi ndo unaikataa? Nikiogopa nikaacha, hilo jino limeshaanza kuvimbisha fizi, mara mbili sasa.

---

Reli_ya_Kati

Pole sana mwalimu. Nimesoma mpaka na mimi shavu limenisisimka.

Mimi niko huku Tabora, nilitolewa gego la mwisho mwaka juzi, ganzi ilianza kuondoka wakati wanashona, nikainua mkono wakasimama wakaongeza kidogo fizini, dakika mbili nyingi wakaendelea. Kwa hiyo kuongeza kupo, usikubali kuambiwa haiwezekani. Mjomba wangu yeye anasema ukipiga vikombe viwili vya gongo kabla hujaenda hausikii kitu, na wengine wanasema karafuu utafune usiku kucha. Sijui kama ni kweli, ngoja wataalam waje.

---

Meno_Unyanyembe

Mwangaluka. Mimi ni daktari wa meno, nafanya kazi mkoa wa Tabora, mwalimu pole sana na asante kwa kueleza vizuri hivi maana maelezo yako peke yake yananionyesha mengi. Nitaandika kirefu kidogo mnisamehe.

Kwanza gongo hapana, naomba sana. Pombe hairefushi ganzi, inakufanya utokwe damu zaidi, na ukiwa umelewa daktari hawezi kujua kama unayumba kwa pombe au kwa dawa iliyokuzidi. Karafuu ina mafuta yanayotuliza jino bovu linalouma, hiyo ni kweli na sisi wenyewe tunayatumia kwenye baadhi ya dawa za kuzibia, lakini kwenye mfupa unaosagwa haifiki.

Sasa swali lako la mdomo na jino. Sio mwili wako, ndivyo dawa ilivyo. Ganzi tunayotumia sana ni lignokeini asilimia 2. Ikiwa na adrenalini ndani yake, jino lenyewe linalala kama saa moja hivi, lakini mdomo, ulimi na shavu vinalala masaa matatu mpaka matano. Ndo maana ulirudi nyumbani mdomo umekufa. Kwa hiyo mdomo kufa ni dalili kwamba dawa imefika kwenye neva (mshipa wa fahamu), sio cheti kwamba jino limelala, na wapo wagonjwa wengi tu ambao mdomo umekufa kabisa lakini ukigusa jino wanaruka. Daktari anatakiwa apime pale pale anapofanyia kazi, achome fizi kwa ncha ya kifaa pande zote, nje na upande wa ulimi, ndo aanze.

Na hiyo adrenalini ndo siri kubwa ya ganzi kukaa. Lignokeini yenyewe inapanua mishipa ya damu, sasa mishipa ikipanuka damu inaibeba dawa inaondoka nayo, ukitumia ile isiyo na adrenalini jino linaweza kulala dakika tano mpaka kumi tu basi. Adrenalini inaibana ile mishipa, dawa inabaki mahali pake, damu inapungua kidonda kinaonekana vizuri, na pia dawa inaingia mwilini taratibu kwa hiyo sumu yake inapungua. Sio jambo la jana hili, Mjerumani Heinrich Braun alianza kuchanganya adrenalini na dawa za ganzi zaidi ya miaka 100 iliyopita, hata kabla lignokeini yenyewe haijatengenezwa (hiyo ilitengenezwa Sweden mwaka 1943). Hivi vichupa vidogo vya kioo vinavyoingia kwenye bomba la chuma, sisi tunaita katriji, vingi vina adrenalini 1 kwa 80,000 au 1 kwa 100,000, yaani sehemu moja ya adrenalini kwenye sehemu hizo zote za maji ya dawa.

Lakini nataka nikae hapa kwenye sindano yako ya pili, ile uliyosema kama maji. Mwalimu, kuongeza ganzi kuna wakati wake. Ukiongeza wakati ile ya kwanza inaanza tu kulegea, neva bado iko nusu usingizini, kiasi kidogo kinairudisha chini haraka na inakaa vizuri. Ukisubiri mpaka maumivu yamerudi yote, ile ya pili inashika kwa shida hata ukimwaga dawa nyingi, hii kitu tunaijua kabisa kwenye kazi. Kwa hiyo pale ulipoguna, ule ndo ulikuwa wakati. Sio kosa lako kuvumilia, uliambiwa uvumilie, ila safari hii naomba usivumilie hata dakika moja. Mkubaliane kabla hujafungua mdomo, mkono wa kushoto ukipanda mashine inazimwa. Mimi nikiwa na gego la kulala ambalo najua litanipeleka zaidi ya dakika arobaini naongeza kabla mgonjwa hajasikia chochote, sisubiri.

Na watu wanaogopa kuongeza wakidhani dozi itazidi. Katriji moja ya ml 1.8 ina miligramu 36 za lignokeini. Kiwango cha juu kwa ile yenye adrenalini kwenye miongozo mingi kinafika miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 60 hiyo ni 420. Sisemi mtu achomwe katriji kumi, mimi sijawahi na sitaki, nasema nafasi ya kuongeza moja au mbili kwa mtu mzima mwenye afya ipo. Hesabu ifanywe kwa uzito wako, na kila sindano daktari avute nyuma kwanza kuhakikisha hayuko ndani ya mshipa wa damu. Ukianza kusikia ulimi na midomo inawasha pande zote, masikio yanavuma, ladha ya chuma mdomoni, sema hapo hapo.

Dawa inayokaa zaidi ipo, inaitwa bupivakeini, asilimia 0.5 na adrenalini. Inachelewa kushika lakini jino linalala saa moja na nusu mpaka masaa matatu, mdomo unaweza kufa hata masaa nane na zaidi. Wengine wanaanza na lignokeini kwa sababu inashika haraka, kisha bupivakeini inakuja kushikilia, ukifika nyumbani yale maumivu makali ya masaa ya kwanza yanakukuta bado umelala ganzi. Ila angalizo kubwa: bupivakeini nyingi iliyopo kwenye hospitali zetu ni ile ya ganzi ya mgongo kwa akina mama wa operesheni ya uzazi, ile imetiwa sukari iwe nzito, sio ya kuchomwa kwenye taya. Usiende ukamwambia mtu anichome ile ya leba.

Mwisho, umesema fizi imeshavimba mara mbili. Hapo nimeweka alama. Penye usaha pana asidi, na dawa hizi kwenye asidi zinabadilika zinashindwa kupenya ukuta wa neva, unaweza kuchoma na kuchoma jino linakuangalia tu. Kama siku ya operesheni fizi imevimba, itulizwe kwanza, pasafishwe, kama kuna usaha utolewe, kisha mpange siku nyingine.

---

Mama_Watatu_KGM

Dokta Mungu akubariki, hii naipeleka kwa mama yangu. Yeye ana presha, kila akienda kung'oa wanamchoma ile isiyo na adrenalini, wanasema yenye adrenalini itampandisha, na kila mara inaisha mapema anarudi analia. Ana miaka 66. Sasa afanyeje?

---

Meno_Unyanyembe

Mama, presha yenyewe iliyodhibitiwa na dawa sio sababu ya kumnyima adrenalini kabisa. Kwa mwenye shida ya moyo wengi tunajiwekea mpaka wa mikrogramu 40, ambayo ni kama katriji mbili hivi, ukichoma taratibu na ukivuta nyuma kwanza. Mgonjwa anayeumia mwili wake mwenyewe unamwaga adrenalini nyingi kuliko ile ya kwenye sindano, fikiria hilo. Ila apimwe presha siku hiyo hiyo, ikiwa juu sana anarudishwa nyumbani na anaanza kwa daktari wake wa presha. Na aende na vidonge vyake mkononi, asiseme tu natumia vya rangi ya pinki, kwa sababu kama kuna propranolo (kidonge cha presha na moyo) daktari anatakiwa ajue, hiyo na adrenalini hawaelewani, presha inaweza kupanda ghafla. Akilazimika kutumia isiyo na adrenalini, ipo mepivakeini asilimia 3, jino linalala dakika 20 mpaka 40 hivi, inatosha kung'oa jino la kawaida.

---

Nesi_Kasulu

Dokta umesema yote ila naomba niongeze la huku kwetu vijijini maana watu hawalisemi.

Joto. Adrenalini haipendi joto wala mwanga. Hizo katriji zimeandikwa kabisa zisizidi nyuzi 25, sasa nimeshaona kwa macho yangu boksi liko dirishani jua la saa tisa linaipiga, au limekaa kwenye gari la mizigo siku nzima, halafu mgonjwa anaambiwa mwili wako mgumu ganzi haikushiki! Adrenalini ikiharibika unabaki na lignokeini tupu, itaisha upesi. Ukiona dawa imekuwa ya pinki pinki au kahawia usikubali, inatakiwa iwe kama maji ya kunywa. Na tarehe isomwe. Pia kwenye vituo vingi huku kinachokuwepo ni ile chupa kubwa ya lignokeini ya kushonea vidonda, mara nyingi haina adrenalini. Kwa kung'oa jino lililolegea sawa. Kwa operesheni ya gego la kulala kama la mwalimu haitoshi, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa upole, dokta hii ina adrenalini? Hakuna dhambi.

Kingine, sio kila mtu anataka ganzi ndefu. Mwanangu wa miaka sita alizibwa jino la chini, nikampeleka nyumbani nikaenda kuanika mihogo, narudi namkuta kakaa kwenye kizingiti anatafuna mdomo wake wa chini anadhani ni kitu kilichonata, damu mpaka kwenye shati la shule, mdomo ukavimba kama andazi wiki nzima. Hakuwa anasikia chochote. Kwa hiyo watoto wenye ganzi hawaachwi peke yao hata nusu saa, na wakubwa msile mpaka irudi.

---

Kijana_wa_Kibirizi

Nina swali dokta, nilisikia kuna sindano ya deksamethazoni wanachanganya na ganzi inakaa mara mbili, ni kweli? Mwalimu anaweza kuiomba?

---

Meno_Unyanyembe

Kuna tafiti nyingi zimefanyika kwenye magego ya mwisho na ni kweli inaonekana kurefusha ganzi na kupunguza uvimbe, wengine wanajaribu deksimedetomidini (dawa ya kutuliza) pia. Lakini kazi ya kuchanganya dawa ni ya mtaalam aliyejifunza, sio ya kuombwa dirishani. Deksamethazoni yenyewe sisi wengi tunaitoa kwa njia nyingine ili shavu lisivimbe sana, na kama mtu ana kisukari lazima aseme maana sukari itapanda. Mwalimu wewe hauhitaji kufika huko. Unahitaji sindano ya neva iliyokaa mahali pake, dakika za kusubiri ishike (watu wana haraka, wanachoma na kuchana papo hapo, mimi nangoja dakika kumi kwa saa ya ukutani), nyingine fizini upande wa shavu, na kuongezewa mapema.

Halafu kitu kimoja cha kukutia moyo. Jino likiwa limeshakatwa na maumivu yamerudi bado kuna njia, sindano inaweza kupenyezwa kwenye nafasi kati ya jino na mfupa, au ndani ya kiini cha jino kama kimefunguka. Ile ya kiini inauma sekunde chache, kisha kimya. Kwa hiyo yule aliyekuambia vumilia alikuwa bado ana njia mkononi.

---

Mwalimu_Ujiji

Dokta nimesoma maneno yako ya mwisho nikaweka simu chini nikalia kidogo, maana mimi nilijua ndo mwisho wa uwezo wa dawa. Nesi Kasulu asante, Reli ya Kati asante ndugu yangu. Kesho nakwenda kuonana na daktari kabla ya siku, nitamwambia yote haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kawaida na mdomo wangu unafanya kazi.

---

Mwalimu_Ujiji

MREJESHO. Samahanini nimechelewa, shavu lilikuwa halijaniruhusu kushika simu.

Nilikwenda kwa daktari mwingine, kijana tu, nikamweleza. Hakukasirika hata kidogo. Aliniuliza uzito nikapandishwa mzani, kilo 71, akaandika. Akafungua mdomo akaona fizi ya kushoto imevimba tena, akasema leo hapana wala Alhamisi hapana, akasafisha kwa maji ya dawa, akanipa na vidonge, tukasogeza siku tisa mbele.

Siku yenyewe alinionyesha katriji kabla hajaipachika, mimi nikaiinua kwenye taa nikaiangalia kweli, nyeupe kama maji. Akachoma, akakaa kimya anaangalia saa. Akapima fizi nje, sisikii, akapima upande wa ulimi, nikamwambia hapo kuna kitu kidogo, akachoma tena kidogo pale akasubiri tena. Ndo akaanza. Tulikubaliana mkono wa kushoto. Ilipofika kama nusu saa alisimama mwenyewe akasema mwalimu naongeza kabla hujasikia, akaongeza. Niliinua mkono mara moja tu, tena nilikuwa sina hakika kama ni maumivu au ni msukumo, lakini mashine ilizimwa pale pale kabla mkono haujafika juu, akauliza, nikamwonyesha kwa kidole ni msukumo, akasubiri nitulie ndo akaendelea.

Dakika hamsini na tano kwa jumla, na nyuzi nne. Hakuniambia vumilia hata mara moja.

Mume wangu alipika migebuka jioni ile, nikakaa pembeni naangalia mpaka saa moja usiku mdomo ulipoanza kuwasha washa, nikajigusa kwanza kwa kucha hapa na hapa, nikasikia, ndo nikaomba mchuzi wa vuguvugu na kijiko.

---

Nesi_Kasulu

Tafunia upande mwingine mama, na endelea kusukutua na maji ya chumvi ya vuguvugu, ni usiku ule wa kwanza tu ndo mtu hasukutui kabisa damu igande.

---

Mama_Watatu_KGM

Hongera mwalimu. Mama nampeleka Jumatatu, vidonge vyake vyote nimeshaviweka kwenye mfuko mmoja.